Huduma ya malalamiko ya Kanisa Katoliki: nyota mbili na nusu, na wanaoitetea ndo wanaishusha

Wadau, watu wanafanya rivyu za simu, hoteli na mabasi, leo mi nafanya rivyu ya huduma ambayo kila mtu ana maneno nayo lakini wachache sana wamesoma hata maelezo yake ya matumizi. Naongelea ule utaratibu wa Kanisa Katoliki wa kupokea malalamiko dhidi ya mapadri na maaskofu, hasa ya unyanyasaji wa kingono kwa watoto, na yale ya wakubwa waliojua wakakaa kimya. Niseme mapema mi ni Mkatoliki, misa naenda, sina mpango wa kuhama, kwa hiyo mwenye nia ya kuniita adui wa Kanisa atafute tusi lingine. Na anayesubiri niseme Kanisa zima ni genge la wahalifu naye hatapata anachokitaka hapa.

Toleo la sasa ni waraka wa kisheria unaoitwa Vos estis lux mundi. Papa Fransisko alilitoa Mei 2019, likaanza kazi tarehe 1 Juni mwaka huo kwa majaribio ya miaka 3, halafu toleo la kudumu likatoka Machi 2023 na kuanza kutumika tarehe 30 Aprili. Ukilisoma, na kiukweli halichoshi kama nyaraka nyingine za Roma, ahadi zake ni nzuri. Kila jimbo liwe na ofisi au utaratibu wa kudumu ambao mtu yeyote anaufikia kirahisi. Padri au mtawa akijua, au akiwa na sababu ya msingi ya kuamini kuna tukio, analazimika kuripoti, siyo hiari tena. Aliyeripoti asilipiziwe kisasi. Mlalamikaji asifungwe mdomo, yaani hakuna ruhusa ya kumsainisha mtu karatasi kwamba hatasema popote. Halafu ile kubwa kuliko zote, linamgusa askofu mwenyewe, siyo tu akitenda kosa, hata akizuia au kukwepesha uchunguzi wa mwingine.

Na siyo watoto tu. Linahusu pia mtu mzima aliyelazimishwa kwa nguvu, kwa vitisho au kwa mtu kutumia vibaya mamlaka yake, na hapo masista wanaingia, maana Februari 2019 Papa akiwa kwenye ndege aliulizwa na waandishi akakiri waziwazi kwamba kuna mapadri na hata maaskofu waliowanyanyasa masista. Miaka ya nyuma ukisema hivyo ungeambiwa unatumwa. Toleo la 2023 likawaongeza na walei, yaani waumini wasio mapadri wala watawa, wanaoongoza vyama vya kimataifa vya waumini vinavyotambuliwa na Vatikani, kwa hiyo kwenye makaratasi wigo ni mpana kabisa. Desemba 2019 pia wakaondoa ile siri ya kipapa kwenye kesi hizi, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa kisingizio cha kutowapa polisi mafaili.

Ukiishia hapo unatoa nyota tano unalala. Sasa ngoja uanze kuitumia.

Kwanza, nani anapokea? Ukimlalamikia askofu, anayepewa kazi ya kuchunguza kwa kawaida ni askofu mkuu wa kanda hiyo hiyo ya kikanisa, akishapewa ruhusa na Roma. Na huyo askofu mkuu ni nani, ni mwenzake, wanakaa pamoja kwenye baraza la maaskofu, wanaadhimisha misa pamoja, pengine ndo alimwekea mikono siku ya kumweka wakfu, yaani refa amevaa jezi ya timu. Waraka unamtaka ajitoe akiona kuna mgongano wa maslahi, sawa, ila anayeangalia kama mgongano upo ni yeye mwenyewe kwanza. Kuhusu walei wenye utaalamu, kama wanasheria na wapelelezi wastaafu, waraka unasema anaweza kuwatumia. Anaweza. Neno hilo kwenye sheria yoyote ile ndo mlango wa nyuma, jamani, tusidanganyane.

Pili, majibu. Matokeo ya uchunguzi mlalamikaji anaambiwa akiomba. Asipojua kwamba ana haki ya kuomba haambiwi kitu, anabaki nyumbani anajiuliza kama barua ilifika au ilitupwa. Kwenye kesi yenyewe ya kikanisa aliyeumizwa mara nyingi anahesabika kama shahidi tu, siyo upande wa kesi, kwa hiyo mambo yanaamuliwa juu yake yeye akiwa nje ya mlango. Hili mi ndo linaniuma kuliko yote, kwa sababu halihitaji hela wala mtaguso, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia, kulirekebisha.

Na msidhani natia chumvi kwenye hili la barua. Machi 2017 Marie Collins, mama wa Ireland aliyenyanyaswa na padri akiwa mtoto, alijiuzulu kwenye ile tume ya kipapa ya kulinda watoto iliyoundwa mwaka 2014. Moja ya sababu alizozitoa hadharani ni kwamba tume ilipendekeza kila mwathirika anayeiandikia Vatikani ajibiwe, angalau apate barua ya kukiri kwamba ujumbe wake umefika, na ofisi moja kubwa pale Vatikani ikakataa. Yaani kujibu barua tu. Ofisi yoyote ya serikali iliyochoka kabisa inakugongea muhuri wa kupokea. Miaka 6 baadaye, Machi 2023, akaondoka pia Padri Hans Zollner, Mjesuiti ambaye ndo alikuwa sura ya kazi hii dunia nzima, akisema ana wasiwasi na uwazi na uwajibikaji ndani ya tume hiyo hiyo. Sasa mtu akiniambia kila anayelalamika ana chuki na Kanisa namuuliza, hata Zollner? Ile tume imeendelea kufanya kazi, Oktoba 2024 ikatoa ripoti yake ya kwanza ya mwaka, hatua nzuri, nawapa, ila ukihesabu ni miaka 10 tangu iundwe.

Tatu, polisi. Waraka unasema sheria za nchi ziheshimiwe. Maana yake ni kwamba kama sheria ya nchi inakulazimisha kuripoti polisi utaripoti, kama haikulazimishi waraka wenyewe haukulazimishi. Maaskofu wa Marekani tangu mwaka 2002 kwenye mkataba wao wa Dallas walikubaliana kwamba tuhuma inayomhusu mtoto ipelekwe kwa mamlaka za serikali, kwa hiyo inawezekana, Kanisa halikuanguka. Wanaotetea wana hoja hapa, wanasema kuna nchi ambako kumpeleka padri polisi ni kumkabidhi kwa serikali inayowawinda Wakristo, na hilo ni kweli kwa baadhi ya nchi. Ila ungeweza kuandika kanuni halafu ukaweka hizo nchi kama tofauti. Huwezi kugeuza tofauti kuwa kanuni halafu ukaita busara.

Ili uelewe kwa nini huduma imetengenezwa hivi lazima urudi nyuma kidogo. Januari 2002 gazeti la Boston Globe lilianza kutoa stori za Padri John Geoghan, ambaye watu zaidi ya 130 walisema aliwanyanyasa, na jimbo lilikuwa linamhamisha parokia moja kwenda nyingine kwa miaka mingi huku likijua. Kardinali Bernard Law akajiuzulu Desemba ya mwaka huo. Mwaka 2004 akapewa basilika ya Santa Maria Maggiore kule Roma, moja ya makanisa manne makubwa kabisa. Mi hapo ndo naonaga chanzo cha hasira ya watu wengi, kwa sababu mapadri wabaya wako kila taasisi lakini kumpa mtu kazi ya heshima baada ya kuvuruga ya kwanza ni uamuzi uliofanywa mezani, mchana, na watu wenye akili timamu.

Na ule mkataba wa Dallas nao, ambao nimeusifia hapo juu, uliwabana mapadri na mashemasi, maaskofu wakajiacha nje. Mmoja wa waliosimama mbele ya kamera kuutetea alikuwa Kardinali Theodore McCarrick wa Washington. Huyo huyo. Juni 2018 akasimamishwa huduma, mwezi uliofuata akajiuzulu ukardinali, Februari 2019 akavuliwa upadri kabisa baada ya kukutwa na hatia ya kunyanyasa, wakiwemo watoto. Novemba 2020 Vatikani ikatoa ripoti ya kurasa zaidi ya 400 kuhusu alivyopanda ngazi, na hapa nataka niwe muungwana, ile ripoti ni kazi. Inasema wazi kwamba Kardinali John O'Connor wa New York aliandika barua ya onyo mwaka 1999, kwamba maaskofu 3 kati ya 4 walioulizwa walitoa taarifa zisizo sahihi na zisizokamilika, na kwamba Yohane Paulo II ndo aliamua kumteua askofu mkuu wa Washington licha ya hayo. Wamemtaja papa ambaye tayari walishamtangaza mtakatifu. Taasisi nyingi zisingefanya. Kama ningekuwa natoa nyota kwa ripoti hiyo peke yake ningetoa nne.

Tatizo ni kwamba ilibaki hiyo hiyo moja. Maaskofu wengine wamejiuzulu tangu 2019 na tangazo linakuwa mstari mmoja, Baba Mtakatifu amepokea barua ya kujiuzulu ya mhashamu fulani, basi, muumini wa jimbo hilo anabaki kukisia kama ni ugonjwa, ni uzee au ni kesi.

Sasa tuje kwenye kitengo cha utetezi, maana nacho ni sehemu ya huduma. Mteja akilalamika anachokutana nacho kwanza siyo sheria ya Kanisa, ni wale watu wanaojibu. Na hapa, samahani, nyota moja, na hiyo moja ni ya huruma.

Mwaka 2001 Kardinali Darío Castrillón Hoyos, mkuu wa ofisi ya Vatikani inayoshughulikia mapadri, alimwandikia askofu mmoja wa Ufaransa, Pierre Pican, akimpongeza kwa kutomripoti padri wake kwa serikali. Padri mwenyewe alikuwa ameshafungwa miaka 18, na Pican akapewa kifungo cha miezi 3 cha nje kwa kukaa kimya. Barua ilikuja kujulikana mwaka 2010. Mwaka huo huo, Jumapili ya Pasaka, uwanjani pale kwa Mtakatifu Petro mbele ya maelfu ya watu, Kardinali Angelo Sodano akamwambia Papa Benedikto kwamba taifa la Mungu liko naye na halitikiswi na porojo za wakati huu. Porojo! Kipindi ambacho Ireland ilikuwa imetoka kupokea ripoti ya Ryan na ripoti ya Murphy, zote za 2009, zenye mamia na mamia ya kurasa za ushahidi wa watoto waliopigwa, waliobakwa na kupuuzwa.

Utetezi wa namna hiyo unamharibia anayetetewa. Benedikto mwenyewe alikuwa na kitu cha kuonesha, takwimu zilizotoka baadaye zinasema mwaka 2011 na 2012 peke yake mapadri 384 walivuliwa upadri kwa makosa haya, na ndiye aliyewaandikia Wakatoliki wa Ireland Machi 2010 barua ya kuwaambia maaskofu wao kwamba walishindwa, wengine vibaya sana. Lakini nani anakumbuka 384? Watu wanakumbuka porojo. Halafu Januari 2022 ikaja ripoti ya Munich ikamlaumu kwa kesi 4 za enzi zile akiwa askofu mkuu pale, kati ya 1977 na 1982, na wasaidizi wake wakawa wameandika kwenye majibu yao kwamba hakuwepo kwenye kikao cha Januari 1980 kilichojadili kumpokea padri mmoja mtuhumiwa wakati alikuwepo, ikabidi warudi kusahihisha. Akaomba msamaha kwa ujumla, akakana kuficha. Mi namuamini kwamba ile ya kikao ilikuwa kosa la uandishi. Ila unaona jinsi ambavyo ukishazoea kujibu kama wakili kila neno lako linapimwa kama la wakili.

Chile ndo kesi ya kujifunzia, kama hujaifuatilia ifuatilie. Papa Fransisko alimteua Juan Barros kuwa askofu wa Osorno mwaka 2015, huku walalamikaji wakisema Barros alishuhudia unyanyasaji wa Padri Fernando Karadima na akanyamaza. Waumini wa Osorno waliandamana ndani ya kanisa kuu siku anasimikwa, wamevaa nguo nyeusi. Miaka 3 wanapiga kelele, wanaambiwa wanatumiwa na wanasiasa. Januari 2018 Papa yuko Chile anaulizwa anajibu siku mtakayoniletea ushahidi nitasema, hayo yote ni kashfa za uongo. Halafu kikatokea kitu adimu, Kardinali Sean O'Malley wa Boston, mtu wa karibu wa Papa na mwenyekiti wa ile tume, akatoa tamko hadharani kwamba inaeleweka kabisa maneno yale yamewaumiza waliowahi kunyanyaswa. Kardinali anamkosoa papa, kwa heshima zote, na dunia haikuisha.

Papa akamtuma Askofu Mkuu Charles Scicluna akasikilize. Aprili 2018 akaandika barua kwa maaskofu wa Chile akikiri amefanya makosa makubwa katika kuielewa hali, akawaalika watatu kati ya waliokuwa wakilalamika wakae naye Vatikani, na mwezi Mei maaskofu wa Chile kwa pamoja wakaweka barua za kujiuzulu mezani. Barros yake ikapokelewa Juni. Karadima akavuliwa upadri Septemba. Mmoja wa wale watatu, Juan Carlos Cruz, baadaye akateuliwa mjumbe wa tume ya kulinda watoto. Yaani mtu aliyekuwa anaambiwa anasingizia amekaa upande wa pili wa meza. Kwenye mkutano wa Vatikani wa kulinda watoto wa Februari 2019 Sista Veronica Openibo kutoka Nigeria alisimama mbele ya maaskofu wote wale akamwambia Papa usoni kwamba anamheshimu kwa kubadili mawazo na kuomba radhi. Na akawaambia wengine kwamba umaskini na vita vya nchi za kusini siyo sababu ya kuliweka hili pembeni. Hotuba ya sista yule mi naiweka juu ya nyingi za makardinali.

Kwa hiyo waliotetea uteuzi wa Osorno kwa kufunga watu midomo walimtetea nani? Siyo Papa, maana yeye ndo aliishia kuomba msamaha kwa kuwasikiliza wao. Miaka 3 ilipotea hapo.

Lakini nisiwaachie wakosoaji nao wapite bila kukaguliwa, maana kuna uvivu mwingi upande ule. Kardinali George Pell alihukumiwa Australia, akaingia gerezani Februari 2019, mwezi uliofuata akapewa kifungo cha miaka 6, na tarehe 7 Aprili 2020 Mahakama Kuu ya nchi ile ikafuta hatia, majaji 7 kwa 7 wamekubaliana. Ukienda mitandaoni leo bado anaitwa mbakaji kama vile hukumu haikutoka. Hiyo siyo haki, na haiwasaidii waathirika hata kidogo, kwa sababu kila ukikosea moja anayetetea anapata sababu ya kutosoma mia nyingine. Wakati huo huo mwezi Mei 2020 zikatolewa kurasa za tume ya kifalme ya Australia, yaani tume rasmi ya uchunguzi wa unyanyasaji wa watoto, zilizokuwa zimefichwa kupisha kesi, zikasema kufikia 1973 Pell alikuwa anajua kuhusu mapadri kunyanyasa watoto na kwamba alipaswa kufanya zaidi. Yeye alisema hayo hayana ushahidi. Alifariki Januari 2023. Vyote viwili vinakaa kichwani kwa mtu mmoja, kutokuwa na hatia mahakamani na kulaumiwa kama kiongozi, wala siyo vigumu, ni kwamba watu wanataka upande.

Na yule Askofu Mkuu Carlo Maria Viganò, aliyewahi kuwa balozi wa Papa Marekani, Agosti 2018 alitoa barua yake ya kumtaka Papa ajiuzulu kwa madai kwamba alijua mambo ya McCarrick akanyamaza, wengi wakamshangilia kama shujaa wa waathirika. Ukiisoma waathirika wamo kidogo sana, imejaa vita vya makundi ya ndani. Julai 2024 alitengwa na Kanisa kwa kosa la mfarakano, la kukataa mamlaka ya Papa. Ukosoaji wa kutumia vidonda vya watoto kupigia maadui wako wa siasa za Roma mi siuhesabu.

Ile hoja ya watetezi kwamba tatizo liko kila mahali na vyombo vya habari vinalionea Kanisa, nayo ina nusu ya ukweli. Utafiti wa chuo cha John Jay wa 2004 ulikuta mapadri 4,392 wa Marekani walituhumiwa kati ya 1950 na 2002, kama asilimia 4 ya wote, maana yake asilimia 96 hawakutuhumiwa, na matukio mengi yalikuwa ya miaka ya 60 na 70. Sawa. Ila ile tume huru ya Ufaransa ya Jean-Marc Sauvé ya Oktoba 2021, iliyokadiria watoto 216,000 waliumizwa na mapadri na watawa tangu 1950, ililinganisha na mazingira mengine ikasema ukitoa familia na marafiki, Kanisa ndo linaongoza, juu ya shule na michezo. Na kumbuka ile tume iliombwa na kulipiwa na maaskofu wenyewe wa Ufaransa, hakuna wa kusema ni njama za wapinga dini. Hapo nawapigia makofi maaskofu wale, walimkabidhi jaji wa nje mafaili wakakubali kuchomwa na majibu. Ndo huduma inavyotakiwa iwe kila mahali, mtu wa nje mwenye funguo za kabati.

Ujerumani walitoa yao 2018, waathirika 3,677, na mwaka 2021 Kardinali Reinhard Marx wa Munich akajiuzulu akisema anataka kubeba sehemu yake ya lawama ya taasisi nzima. Papa akamkatalia ndani ya wiki chache. Kwa nia njema naamini, alimwambia aendelee kuchunga. Ila kwa mtu wa nje inaonekana hivi, anayekataa kuondoka haondolewi kirahisi na anayetaka kuondoka anazuiwa. Mwaka 2015 ilitangazwa itaundwa mahakama maalum ya kuwahukumu maaskofu wazembe, haikuundwa, 2016 ikaletwa barua nyingine ya kisheria ya kuruhusu kuwaondoa badala yake.

Basi kwa anayetaka kuitumia huduma hii, au ana ndugu anayeihitaji, haya ndo yangu. Polisi kwanza kama ni mtoto, ofisi ya jimbo baadaye au sambamba, usisubiri ruhusa ya paroko wala ya mtu yeyote. Andika, usiseme kwa mdomo tu, weka tarehe, baki na nakala. Kama anayelalamikiwa ni askofu, unaruhusiwa kuandika moja kwa moja Roma au kupitia balozi wa Papa wa nchi yako, hulazimiki kupita kwa rafiki yake. Ukiambiwa usaini karatasi ya kunyamaza kataa, waraka wao wenyewe unakulinda. Na omba matokeo kwa maandishi, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kwa sababu kama nilivyosema wanalazimika kumwambia anayeomba.

Nyota mbili na nusu. Mbili ni za sheria yenyewe, ambayo kwa maandishi ni bora kuliko ya taasisi nyingi ninazozijua, na nusu ni ya ripoti ya McCarrick na maaskofu wa Ufaransa. Ya tatu kamili iko mikononi mwa Papa Leo wa XIV, achapishe kila mwaka ni maaskofu wangapi wamelalamikiwa, wangapi wamechunguzwa, nani aliwachunguza na ilichukua miezi mingapi. Namba tu, hata majina sidai.